Taa ya "chumvi pungufu" haizimiki: nioshe seli, ninunue mpya au nirudi kwenye klorini ya unga?

MwenyeNyumba_Diani
Hamjambo wenzangu. Nina nyumba ya wageni Diani, bwawa la lita 60,000, na mtambo wa klorini ya chumvi, ule unaogeuza chumvi ya majini kuwa klorini kwa umeme ndani ya seli yake, uko mwaka wa nne sasa. Wiki ya tatu hii taa ya chumvi pungufu inawaka na maji yameanza ukijani pembeni. Nimemwaga mifuko miwili ya kilo 25, taa iko vile vile. Fundi mmoja anasema seli imekufa, ninunue mpya. Mwingine anasema niachane na chumvi kabisa. Wageni wanafika Ijumaa na watoto wao, na siwezi kuwaingiza kwenye maji nisiyoyaamini. Nifanyeje?

FundiBwawa
Kaka, usiongeze chumvi tena kabla ya kupima. Mitambo mingi haionji chumvi yenyewe, hukisia kwa umeme unaopita kati ya bamba za seli. Bamba zikiganda chokaa umeme hupungua, mtambo ukadhani chumvi imekwisha. Mingi hutaka kama gramu 3 kwa lita. Kwa bwawa lako, kilo 50 zimepandisha karibu gramu 0.8 kwa lita, na ikizidi sana hakuna dawa ila kumwaga maji na kujaza mengine. Unatumia maji ya kisima?

MwenyeNyumba_Diani
Ya kisima, ndiyo. Hata birika la chai linaganda nyeupe ndani.

Dada_Nungwi
Basi ni yale yale yangu, visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Mimi nilikimbilia seli mpya. Miezi minne tu nayo ikaganda, kwa sababu pH, kipimo cha uasidi wa maji, ilikuwa 8.2 na sikuwa naipima. Mtambo wa chumvi wenyewe huipandisha pH, kwa hiyo usipoishusha kila mara hadi 7.2–7.6, seli ya bei yoyote itaganda. Pesa ile bado inaniuma.

Mzee_wa_Pampu
Mimi nilirudi kwenye unga na sijuti. Huku kwetu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, kadi ya mtambo iliungua mara mbili. Unga hauna kadi ya kuungua.

FundiBwawa
Mzee, kwa umeme wa aina hiyo nakuelewa. Lakini unga wa kalsiamu hipokloriti huongeza kalsiamu, na maji ya ndugu yetu tayari yamejaa chokaa. Kwake ningeutumia siku hizi chache tu, kuua ukijani. Na tafadhali sana, unga huo usikutane na trikloro, ile klorini ya vidonge, hata kwenye ndoo moja: vikichanganyika huwaka moto.

Seli ioshe kwanza. Zima umeme kwenye swichi kuu, ifungue, itumbukize kwenye sehemu moja ya asidi ya hidrokloriki kwa kumi za maji. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume chake. Vaa glavu na miwani, fanyia nje. Mapovu yakiisha, kama dakika 10, suuza. Usikwangue kwa kisu, utang'oa mipako iliyo juu ya titani, na hapo ndipo seli hufa kweli. Ikiwa safi, chumvi ikiwa sawa na bado haitoi klorini, nunua mpya bila kusita.

Dada_Nungwi
Pima asidi ya sianuriki pia, ile dawa inayoikinga klorini na jua. Bila hiyo jua la pwani linamaliza klorini mchana mmoja.

MwenyeNyumba_Diani
Nimepima: chumvi gramu 3.8! Kumbe hata kabla ya mifuko yangu ilikuwa inatosha. Bamba zilikuwa nyeupe kabisa, asidi ikachemka nusu dakika ya kwanza kama soda. Nimezirudisha, taa imezimika. Ukijani nimeupiga kwa unga jana jioni, pampu imekesha. Asubuhi hii klorini imesimama 3 lakini pH ni 7.9, naishusha kidogo kidogo. Dada, sianuriki ni 20 tu, naongeza leo. Mungu awabariki, Alhamisi jioni nitapima tena niwaletee majibu.