Mjadala: Mwaka wa pili kwa jaji unamjenga wakili kijana au unamchelewesha?

Mleta mada (Maryland)

Ndugu zangu, hasa mlio na vijana wanaosoma sheria hapa Marekani, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Kuna ushauri umeenea vyuoni kwamba kijana akihitimu asiishie kuwa msaidizi wa jaji mmoja. Atafute wa pili, na akiweza wa tatu. Mimi naona ushauri huu unawaumiza watoto wetu. Mwaka wa kwanza kwa jaji ni hazina. Wa pili unawafaa wachache wanaojua wanaelekea wapi. Wa tatu ni wa wanaoitafuta Mahakama ya Juu, basi.

Kwa wasioufahamu utaratibu: msaidizi wa jaji ni mhitimu anayeajiriwa na jaji mwenyewe, kwa kawaida kwa mwaka mmoja au miwili. Anasoma majalada, anatafiti sheria, anamwandalia jaji maelezo kabla ya shauri kusikilizwa, na mara nyingi ndiye anayeandika rasimu ya kwanza ya uamuzi. Mwanzilishi wake katika Mahakama ya Juu ni Jaji Horace Gray, aliyeingia pale 1882 na kumlipa msaidizi wake kutoka mfukoni. Leo kila mmoja wa majaji tisa wa mahakama hiyo huwa na wasaidizi wanne, maana yake nafasi 36 hivi kwa mwaka kwa nchi nzima. Kuipata mojawapo bila kupita kwanza kwa jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho ni vigumu sana, na siku hizi waombaji wengi wanafika pale wakiwa wameshatumikia majaji wawili. Hapo ndipo tabia hii ya kurundika miaka ilipotokea.

Wanaoitetea hutaja waliofanikiwa. Ketanji Brown Jackson, ambaye sasa ni jaji wa Mahakama ya Juu, alianza kwa Jaji Patti Saris wa mahakama ya wilaya Massachusetts (mahakama ya shirikisho ambako kesi husikilizwa mara ya kwanza), akaenda kwa Jaji Bruce Selya wa rufaa, kisha kwa Stephen Breyer katika Mahakama ya Juu. Brett Kavanaugh, naye jaji wa mahakama hiyo, alipitia majaji watatu. Kati ya majaji tisa wa sasa, sita waliwahi kuwa wasaidizi katika mahakama hiyohiyo. Sikatai. Lakini Sonia Sotomayor, naye jaji palepale, hakuwahi kuwa msaidizi wa jaji yeyote. Alianza 1979 akiwa mwendesha mashtaka Manhattan. Mwenzake Clarence Thomas naye hakuwahi. Na zaidi ya hayo, mtoto wangu au wako hatafuti kiti katika Mahakama ya Juu. Anatafuta kuwa wakili mzuri anayelipwa vizuri na anayeheshimika.

Tuseme ukweli kuhusu fedha. Kampuni kubwa za mawakili zinamlipa wakili wa mwaka wa kwanza $225,000 kwa mwaka. Msaidizi wa jaji wa shirikisho, akitoka tu chuoni, mara nyingi hapati $100,000. Kampuni hizo humpa bonasi aliyetoka kwa jaji, na kwa waliotoka Mahakama ya Juu imefika hadi $500,000. Ila ukishapata ile ya jaji wa kwanza, ya jaji wa pili haina uhakika: kampuni nyingine huongeza kidogo, nyingine haziongezi hata senti. Mtoto wa tajiri anaweza kusubiri. Wetu ana mkopo wa masomo unaozaa riba kila siku, na nyumbani kuna mdogo wake anayesubiri ada.

Sasa elimu yenyewe, ambayo ndiyo hoja yangu kubwa. Kwa jaji wa wilaya kijana anaona kesi ikiwa hai. Anamwona wakili mwenye jina kubwa akipoteza shauri kwa sababu alipitisha muda wa kujibu hoja. Anasikia shahidi akihojiwa mpaka maelezo yake yanabomoka. Anasoma barua za familia ya mtu anayesubiri adhabu. Anakutana na wadaawa wasio na wakili walioandika madai yao kwa mkono, na anajifunza kutafuta hoja ya kisheria iliyojificha ndani ya kurasa za malalamiko. Rufaa ni dunia nyingine: ushahidi umeshafungwa, jopo ni la majaji watatu, na kazi ni kusoma, kubishana na kuandika. Kwa hiyo anayetoka wilaya kwenda rufaa anajifunza jambo jipya kabisa, na huyo ningemwelewa. Anayetoka wilaya moja kwenda wilaya nyingine anarudia darasa. Tena anakuwa hodari wa kuona pande zote mbili huku hajawahi kusimama upande wowote, hajawahi kukaa na mteja anayelia, hajawahi kudai ada.

Na kuna suala la umma hapa. Majaji wengi wanampenda mwombaji ambaye ameshawahi kufanya kazi hii, kwa sababu hahitaji kufundishwa. Kila nafasi inayokwenda kwa mtu wa mara ya pili ni nafasi iliyonyimwa mtu wa mara ya kwanza. Ningetaka majaji watenge angalau nusu ya nafasi zao kwa wanaotoka moja kwa moja chuoni. Haya, nijibuni.

Mchangiaji wa kwanza (Columbus, Ohio)

Kaka, umeandika vizuri lakini umesahau kitu kimoja kikubwa: ofisi ya jaji ni ya watu wachache sana, na bosi ni mmoja. Mimi mwaka wangu wa kwanza ulikuwa wa mateso. Kufokewa mbele ya wenzangu, kupigiwa simu usiku wa manane, na mwisho wa mwaka sikupata hata barua ya kunisifia. Katika taaluma hii, jaji wako asipokupigia debe watu wanauliza kulikoni, nawe huwezi kueleza kwa sababu unabanwa na usiri. Wafanyakazi wa mahakama za shirikisho hawalindwi na ile sheria ya 1964 inayokataza ubaguzi kazini. Wanategemea taratibu za ndani za mahakama zenyewe. Mnakumbuka 2017, Jaji Alex Kozinski wa rufaa alistaafu ghafla baada ya wanawake kadhaa, wakiwemo waliowahi kufanya kazi ofisini kwake, kumtuhumu kwa unyanyasaji wa kijinsia.

Mwaka wa pili ndio ulioniokoa. Nilipata jaji mama, mtaratibu, anayesahihisha rasimu kwa penseli na kukuita mkae muipitie pamoja. Leo mimi ni mwendesha mashtaka kwa sababu yake. Kwa hiyo usiseme nilirudia darasa.

Mchangiaji wa pili (Minneapolis)

Mimi si mwanasheria, ni mzazi. Binti yangu tulikuja naye akiwa mdogo kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, na sasa ana kadi ya ukaazi wa kudumu. Mwenzake wa darasani, Mkenya, yuko kwa viza ya mwanafunzi. Wote wawili wanahangaika na maombi ya majaji. Mbona hamjasema lolote kuhusu hawa?

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu, na asante, hilo lilipaswa kutangulia. Sheria ya bajeti ya shirikisho inazuia kulipa mishahara ya serikali kwa wasio raia ndani ya Marekani bara, isipokuwa makundi machache. Mwenye ukaazi wa kudumu anayefuatilia uraia yumo, kwa hiyo binti yako aombe bila hofu, ila asome masharti ya kila tangazo. Huyo wa viza ya mwanafunzi kwa kawaida hawezi kulipwa na mahakama ya shirikisho. Aangalie mahakama za majimbo, zina taratibu zake. Vijana wengi wetu wanashauriwa wakusanye majaji wawili watatu na watu wasiojua kwamba hata wa kwanza mlango wake haujafunguliwa.

Mchangiaji wa tatu (Nairobi)

Wakili msomi, natofautiana nawe kutoka upande mwingine kabisa. Unauona mwaka wa pili kama hasara kwa sababu unampima kijana kwa soko la kampuni. Huku Mahakama ya Juu ya Kenya, Katiba inataka pingamizi la uchaguzi wa rais liamuliwe ndani ya siku 14. Ombi linafunguliwa, majibu yanamiminika, maelfu ya kurasa za viapo na fomu, na majaji saba wanapaswa kutoa uamuzi. Mtafiti anayeingia kazini wiki ile hawezi kumsaidia mtu. Anayesaidia ni yule aliyekaa, anayejua mahakama ilisema nini 2013, na kwa nini 2017 ilifuta matokeo. Mahakama inahitaji watu wenye kumbukumbu. Ninyi mnawabadilisha kila mwaka kisha mnashangaa majaji wakitaka wazoefu!

Mleta mada

Dada wa Columbus, nakubaliana nawe moja kwa moja: aliyeangukia jaji mbaya ana haki ya kutafuta wa pili, na hata asimalize mwaka kama anaumizwa. Lakini dawa ya hilo ni ulinzi wa kisheria kwa wafanyakazi wa mahakama. Sitaki tumwambie kila kijana apange miaka miwili kwa tahadhari ya jaji mkali.

Ndugu wa Nairobi, hoja yako ni nzito, ila unamzungumzia mwajiriwa anayejenga maisha yake mahakamani. Hata hapa wapo wasaidizi wa kudumu, wanaokaa na jaji mmoja miaka mingi, nao ndio kumbukumbu unayoisema. Ninayempinga mimi ni kijana anayeruka jaji hadi jaji kwa ajili ya wasifu wake.

Na kuna jambo la haki kuliongeza, ingawa linaupunguzia nguvu upande wangu. Kwa anayelenga utumishi wa umma, upo mpango wa shirikisho wa kusamehe mikopo ya masomo baada ya malipo 120, na miezi ya kumtumikia jaji inahesabiwa. Kwa mtu wa namna hiyo mwaka wa pili haumgharimu kama unavyomgharimu anayekwenda kampuni.

Mchangiaji wa kwanza

Kaka, hapo tumekaribiana. Sasa nijibu la nusu ya nafasi: nani atawalazimisha majaji? Kila mmoja anaajiri amtakaye, na wadhifa wake ni wa maisha. Upo hata mpango wa pamoja unaowataka wasubiri mpaka mwanafunzi amalize mwaka wa pili ndipo wampokee maombi, nao ni wa hiari. Wapo wanaoufuata na wapo wanaowachukua vijana mapema na kuwaacha wengine bila nafasi. Kama hilo dogo limewashinda, hilo lako litapita wapi?