UZI: Wahariri wa tamthilia za mashujaa, mnatukatia ngumi kama mnakata kachumbari!

Wakuu, habari za usiku. Nimechoma bando la wiki nzima kurudia tamthilia ya Iron Fist sizoni ya kwanza, ile ya 2017, kisa jamaa mmoja hapa Nkuhungu alinibishia kuwa naionea. Nimerudia. Siionei.

Steringi ni bingwa wa kung fu, kalelewa na watawa milimani, ngumi yake inawaka. Haya, anakunja ngumi. Kata! Bega la adui. Kata! Mguu, sijui wa nani. Kata! Adui yuko chini, na sauti ya "puuh" juu yake. Kapigwa na nani? Mimi nasema kapigwa na mhariri.

Na msiniambie sijui kazi. Nahariri video za harusi hapa Dodoma, ujanja huo ndio unanilisha. Mjomba akiteleza wakati wa kwenda kutunza, naweka uso wa bibi harusi anacheka. Nikirudi, mjomba keshasimama. Ndafu ikiyumba mezani, naweka mishumaa. Kwa hiyo nikiona sekunde chache za ngumi zina mikato hadi nashindwa kuhesabu, nauliza kitu kimoja tu: hapa wanaficha nini?

Finn Jones, aliyecheza kama steringi, alishasema mwenyewe: mapambano yale alikuwa anafundishwa dakika 15 kabla ya kupigwa picha. Dakika 15! Jamani, wasindikizaji wa harusi wa hapa Dodoma wanafanya mazoezi ya kuingia ukumbini wiki mbili, na hao hawapigani na mtu. Halafu Danny Rand, ndiye huyo steringi, hana kinyago. Stanti, yule anayepigana badala ya mwigizaji, akimshikia nafasi, sura inaonekana, basi mhariri anabaki kurukaruka: mgongo wa stanti, uso wa Finn, mgongo, uso. Kichwa kinauma.

Sasa fungua tamthilia nyingine ya shujaa, Daredevil ya 2015, epsodi ya pili, ile ya korido. Mtoto katekwa, steringi Matt anaingia kumfuata, na kamera inatembea tu kwenye korido, huoni mkato. Kinyago anacho, stanti anaingia na kutoka bila wewe kujua. Lakini utamu wenyewe ni uchovu. Jamaa anaegemea ukuta. Aliowaangusha wanainuka tena, nao wamechoka, ngumi zinatupwa hovyo. Uchovu huo ukiukata, umekufa, maana kila mkato unampa steringi pumzi mpya.

Najua watakuja wa "mkuu, kukata nako ni sanaa". Sijakataa! Filamu zile za Hong Kong tulizokulia kwenye vibanda umiza zilikatwa sana tu. Ila teke unalionyeshwa kwa mbali, ukihamishwa karibu wanarudia fremu kidogo, jicho linalidaka linapotua. Ndiyo maana benchi zima lilikuwa linaruka kwa pamoja. Hizi za sasa wanakata kabla halijatua, wanarudi likiwa limeshatua, katikati ujaze mwenyewe. Nijaze mimi, na bando nimenunua mimi?

Sizoni ya pili ya Iron Fist, 2018, walileta mwalimu mwingine wa mapambano na ngumi zikaanza kuonekana. Kumbe iliwezekana.

Wewe jamaa wa Nkuhungu, najua uko humu unasoma kimya kimya. Kesho nakuja kudai bando langu.