Mdogo wangu anaweweseka kwa atropini: nimhamishe?

Mkulima wa Ilula: Ndugu zangu, mdogo wangu yuko chumba cha wagonjwa mahututi tangu jana. Kila mara anachomwa atropini, na sasa uso umemwiva, kinywa kimekauka na anaweweseka. Naona dawa hiyo inammaliza. Nimeshatafuta gari la kumhamisha.

Mama Sala: Pole sana. Baba yangu aliweweseka hivyo baada ya upasuaji wa ngiri, tukailaumu dawa ya usingizi, kumbe sukari ilikuwa imeshuka.

Muuguzi wa Usingizi: Atropini ilipatikana kwanza katika mmea wa beladona, mwaka 1831. Chumba cha upasuaji tunaichoma moyo unapopiga polepole mno, na miligramu moja mara nyingi hutosha. Anayechomwa mfululizo hivyo huenda amedhurika na sumu. Alishika nini?

Mkulima wa Ilula: Alikuwa akipulizia nyanya dawa shambani kwangu, bila barakoa wala glavu. Daktari nilimwambia ni malaria, maana niliogopa polisi. Hata hivyo gari nimeshalilipia nusu.

Mzee Kiwanga: Kijana wa watu hatumwi kwenye sumu mikono mitupu!

Msomaji Makini: Siiamini hadithi hii. Daktari aliyeambiwa malaria angeifikiaje atropini?

Muuguzi wa Usingizi: Angeifikia kwa kumtazama mgonjwa: mboni ndogo kama ncha ya sindano, udenda, jasho, mapafu yanayokoroma kwa majimaji. Sumu nyingi za kuua wadudu huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ya neva inayoamuru tezi na misuli, nayo ikalundikana mwilini. Atropini huizuia isifanye kazi, na dozi huongezwa maradufu kila baada ya dakika 5 hivi mpaka mapafu yakauke. Kuweweseka huenda kunaonyesha kwamba imezidi, lakini hilo hurekebishwa pale kitandani. Atropini haiponyi misuli iliyolegezwa na sumu, kwa hiyo pumzi inaweza kumkatikia njiani. Jambo linaloniogopesha zaidi ni suksamethoni, dawa ya kulegeza misuli tunapoingiza mpira wa kupumulia: kwa kawaida huisha kwa dakika chache, lakini kwake inaweza kudumu kwa saa kadhaa, kwa kuwa kimeng'enya kinachoivunja nacho kimezuiwa. Mtaalamu wa usingizi lazima ajue mapema. Mpelekee daktari chupa sasa hivi.

Mkulima wa Ilula: Chupa ninayo, imeandikwa profenofosi, dawa ya kuua wadudu. Gari nimelirudisha. Niko mlangoni mwa wodi, namsubiri daktari atoke.