Yoti imejaa maji ikiwa kwenye boya, bahari shwari, na kampuni ya bima inasema ni uchakavu

MwenyeYoti_Kilifi aliuliza:

Habari zenu waungwana. Nina yoti ya tanga ya faibaglasi yenye urefu wa futi 34, iliyoundwa Uingereza katika miaka ya 1980, ambayo naifunga kwenye boya ndani ya hori ya Kilifi. Alfajiri moja mwishoni mwa kaskazi, kijana anayenilindia chombo alinipigia simu akaniambia kwamba yoti imelala upande wa tezi na maji yamefika usawa wa vitanda. Usiku ule hapakuwa na upepo wala wimbi. Hori ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini.

Tulileta pampu ya petroli, tukayapunguza maji kiasi cha kuweza kuikokota, tukaipandisha mchangani maji yalipojaa. Katika kuikokota, usukani uligonga mwamba ukapasuka. Chombo kilipokauka tuliona chanzo: shingo ya vali (koki ya kwenye tundu la chini ya chombo linaloingiza maji ya bahari) inayopokea mpira wa maji ya kupozea injini ilikuwa imekatika kama biskuti, na pale ilipokatika rangi yake ilikuwa ya waridi badala ya manjano. Injini, betri, nyaya zote na makabati ya mbao vimeharibika.

Kampuni ya bima imekataa madai yote. Barua yao inanukuu kifungu kinachosema kwamba hawatalipa hasara yoyote inayotokana na uchakavu, kutu au kuharibika polepole. Mimi nakubali kwamba vali iliharibika polepole, lakini injini haikuharibika polepole. Iliharibika usiku mmoja. Mkaguzi alikipitia chombo miaka 2 iliyopita na akaandika kuwa vali zote zinafunguka na kufungika vizuri. Je, ni haki vali moja ndogo kuiondoa hasara yote kwenye kinga? Na usukani uliopasuka tulipokuwa tunakiokoa chombo, nao uhesabiwe kuwa ni kutu?

Mtathmini_Mstaafu alijibu:

Pole sana, bwana. Nimetathmini hasara za vyombo vya baharini kwa miaka mingi hapa Mombasa, na naweza kukwambia kwamba boti nyingi nilizoziona zimezama hazikuzama safarini. Zilizama zikiwa zimefungwa, wenyewe wamelala, kwa sababu ya mpira, vali au pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya chombo, iliyoacha kufanya kazi.

Swali lako la kwanza linajibiwa na maneno ya hati yako ya bima, wala si na haki kwa maana ya kawaida. Msingi wa sheria hii ni Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo Sheria ya Bima ya Bahari ya Kenya, Sura ya 390, imeifuata kwa karibu sana. Kifungu cha 55 cha sheria ile ya 1906 kinasema kwamba bima hailipi uchakavu wa kawaida, uvujaji wa kawaida, kasoro ya asili ya kitu chenyewe, wala uharibifu wa panya na wadudu, isipokuwa hati iseme vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu hati nyingi za yoti husema vinginevyo kwa kiasi fulani.

Kuna aina mbili za vifungu vya kuondoa kinga, na watu huzichanganya. Aina ya kwanza huondoa kipande: hatutalipa gharama ya kubadilisha kitu kilichochakaa, au ya kurekebisha kosa la usanifu au la uundaji. Hapo vali ni yako, lakini injini iliyozama inaweza kuwa ya bima. Aina ya pili huondoa sababu: hatutalipa hasara yoyote inayotokana na uchakavu. Hapo kipande na matokeo yake huenda pamoja. Masharti ya yoti yaliyotungwa London mwaka 1985, ambayo bado yanatumika katika hati nyingi, yanaelekea upande wa kwanza: yanalipa uharibifu uliosababishwa na kasoro iliyofichika katika bodi, yaani mwili wa chombo, au mitambo, bila kulipa gharama ya kipande chenye kasoro, kwa sharti kwamba mwenye chombo hakukosa uangalifu. Kifungu ulichonukuu ni cha aina ya pili, na hilo linanitia wasiwasi. Hata hivyo barua ya kukataa madai kwa kawaida hunukuu kifungu kimoja tu. Isome hati yote, pamoja na viambatisho vyake, kabla ya kujibu neno lolote.

FundiBoti_Tanga alijibu:

Shikamoo mzee Mtathmini, na pole ndugu wa Kilifi. Mimi si mtu wa bima, ni fundi wa faibaglasi na mbao, lakini hiyo rangi ya waridi uliyoitaja naifahamu.

Vali yako haikuwa ya bronzi. Ilikuwa ya brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, na brasi ya kawaida ikikaa ndani ya maji ya chumvi zinki yake huyeyuka kidogo kidogo, ikabaki shaba yenye vitundu kama sponji, isiyo na nguvu. Kwa nje umbo halibadiliki. Mpini hufunguka na kufungika kama kawaida, kwa hiyo mkaguzi wako hakusema uongo; alijaribu mpini, hakujaribu shingo. Sisi huikwaruza metali kwa ncha ya kisu mpaka ing'ae: ikiwa manjano, kuna uhai, ikiwa waridi, itolewe siku hiyo hiyo. Nimewahi kuishika shingo ya namna hiyo kwa koleo, ikavunjika mkononi kabla sijaikaza.

Kiwango cha kimataifa cha vali za boti ndogo, ISO 9093-1 cha mwaka 1994, kilihesabu kuwa metali inastahimili kutu iwapo haionyeshi kasoro ndani ya miaka 5 ya matumizi. Miaka 5 tu, na chombo kinaishi miaka 40! Ndiyo maana boti nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na brasi na zikahesabiwa kuwa salama kisheria.

Kwa hiyo ombi langu ni moja: kile kipande kilichovunjika usikitupe, usikisafishe, wala usimpe mtu yeyote bila kuandikiana. Kipige picha pale kilipovunjika, ukiweke kwenye mfuko mkavu. Piga picha pia vali nyingine zote zilizobaki chomboni, ujue kama ni za brasi au ni hiyo moja iliyobadilishwa na mtu baadaye. Nahisi swali hilo litaulizwa.

Wakili_Kisiwani alijibu:

Fundi amegusa jambo la msingi kuliko anavyodhani, na nitalirudia. Kwanza niseme kwamba haya ni maelezo ya jumla, sijaiona hati.

Mtu aliyekatiwa bima ya hatari za bahari hana budi kuthibitisha kwamba hasara ililetwa na hatari hizo. Kuingia kwa maji peke yake hakutoshi. Katika shauri la meli Popi M, lililoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1985, meli ilizama katika bahari shwari na wenyewe wakaja na nadharia kwamba iligongwa na nyambizi ambayo hakuna aliyeiona. Walishindwa, kwa kuwa maelezo yasiyoelekea kuwa kweli hayawi kweli kwa sababu tu maelezo mengine yote yamekataliwa. Wewe uko katika hali nzuri zaidi, kwani chanzo kinajulikana na kimeshikika mkononi. Lakini chanzo hicho hicho ndicho silaha ya upande wa pili.

Wengi humtajia mteja shauri la yoti Miss Jay Jay, ambalo Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ililiamua mwaka 1987. Yoti ile ya faibaglasi iliharibika bodi ikivuka kutoka Deauville kurudi Uingereza, katika bahari iliyochafuka lakini isiyo ya ajabu, na ikathibitika kwamba usanifu na uundaji wake ulikuwa na kasoro. Mahakama ilisema kulikuwa na sababu mbili zenye nguvu sawa, bahari na kasoro, na kwa kuwa bahari ilikingwa na kasoro haikuondolewa kwa maneno ya wazi, bima ililipa. Ni shauri zuri, ila halikusaidii kama hati yako imeiondoa kutu waziwazi. Pale sababu mbili zinapokutana, moja imekingwa na nyingine imeondolewa kwa maneno, kanuni iliyowekwa mwaka 1973 katika shauri la Wayne Tank ni kwamba maneno ya kuondoa hushinda. Na usiku wa kwako haukuwa na bahari mbaya ya kuwekwa kwenye mzani.

Sasa usukani. Sheria inamtaka mwenye bima achukue hatua za kupunguza hasara, na gharama za hatua hizo hulipwa, lakini kwa sharti kwamba hasara iliyokuwa inaepushwa ni ile iliyokingwa. Ukiudai usukani kwa njia hiyo, utaanguka pamoja na vali. Ningeudai peke yake, kama ajali ya kugonga mwamba: chombo kilikuwa kinaelea, kinakokotwa, kikagonga. Mwamba haukuwekwa pale na kutu. Watabisha kwamba mnyororo wa sababu ni mmoja, nasi tutasema kwamba tendo la kukokota na kugonga limeingia kati. Kulingana na maelezo yako, naona hoja hii ina nguvu ya kutosha kuandikwa katika barua tofauti.

Jambo la mwisho ni mzigo wa kuthibitisha. Wewe unathibitisha hasara ya ghafla iliyo ndani ya kinga. Kampuni inayotegemea kifungu cha kuondoa ndiyo inayothibitisha kwamba kifungu hicho kinahusika. Je, wamemleta mtaalamu wa metali, au mtathmini alitazama tu akaandika neno kutu?

MwenyeYoti_Kilifi alijibu:

Nawashukuru kutoka moyoni, na shikamoo kwa mzee. Nimeisoma hati yote usiku wa jana, kurasa 23, na katika kiambatisho cha yoti nimekuta maneno ambayo barua yao haikuyataja: kwamba kampuni itafidia uharibifu wa chombo uliosababishwa na kasoro iliyofichika katika bodi, mitambo au vifaa, isipokuwa gharama ya kipande chenyewe, mradi mwenye bima hakukosa uangalifu. Kiambatisho kinasema pia kwamba pale kinapotofautiana na masharti ya jumla, kiambatisho ndicho kifuatwe. Vali zilizobaki ni 4, na zote ni brasi ya chapa moja, inayoonekana kuwa ya kiwandani. Nimekwaruza moja kama fundi alivyoelekeza. Ni ya waridi.

Wakili_Kisiwani alijibu:

Basi uwanja wa mabishano umehama, na umehamia mahali pazuri kwako. Sasa hawawezi kusema kutu wakanyamaza. Hata hivyo jitayarishe kwa majibu yao mawili. La kwanza, kwamba kasoro iliyofichika ni ile iliyokuwamo ndani ya kitu, isiyoonekana kwa uchunguzi wa mtu makini, na kwamba kuzeeka kwa kitu kizima si kasoro. Jibu lako limo katika zile vali 4: udhaifu ulikuwamo katika metali yenyewe tangu ilipofungwa, nao ukawa unaiva kimyakimya. La pili, watasema kuchagua brasi ni kosa la usanifu, si kasoro ya kitu, na kuna hukumu ya Kiingereza ya mwaka 1902, Jackson dhidi ya Mumford, inayowasaidia kidogo. Soma kama hati yako inaondoa kosa la usanifu, na kama inaondoa gharama ya kulirekebisha tu au pia matokeo yake. Ni ule ule mgawanyo aliouleza mzee Mtathmini.

Mtathmini_Mstaafu alijibu:

Marahaba. Naongeza la kazi tu. Ripoti ya mkaguzi ya miaka 2 iliyopita ndiyo ushahidi wako wa uangalifu, kwa hiyo iambatanishe pamoja na risiti za kila mara ulipopandisha chombo kusafishwa na kupakwa rangi ya chini. Muombe mkaguzi yule aandike barua fupi aeleze alichokagua na kwa nini udhaifu wa shingo haukuweza kuonekana pasipo kuikwaruza metali. Kipande kikatwe vipande viwili mbele ya mtathmini wao, kimoja kipelekwe kwenye maabara ya metali na kingine kibaki kwako. Injini ioshwe kwa maji baridi na imwagiwe mafuta leo, si wiki ijayo, maana hasara itakayoongezeka kwa kuiacha na chumvi hawatakulipa, na hapo watakuwa na haki.

FundiBoti_Tanga alijibu:

Na zile vali 4 usizirudishe majini, ndugu yangu, hata kama madai bado hayajakwisha. Ziweke pamoja na kile kipande, ufunge za bronzi, kila mpira uukaze kwa klipu mbili, na pembeni ya kila vali ufunge kwa kamba kizibo cha mbao laini chenye umbo la koni. Kijana wako angekuwa nacho alfajiri ile, angeyazuia maji kwa mkono mmoja.

MwenyeYoti_Kilifi alijibu:

Injini imeoshwa leo asubuhi na mafuta yamemwagwa yakabadilishwa mara mbili. Nimeandika barua mbili, moja ya kasoro iliyofichika na moja ya usukani peke yake, na mkaguzi amekubali kuandika yake kabla ya Ijumaa. Nitawajulisha watakachojibu.