Tupeane uzoefu: Mara ya kwanza ulipoona Amitabh anakufa kwenye picha

Mzee wa Drive-in
Wakuu heshima kwenu. Sisi tuliokua na picha za kihindi miaka ya sabini na themanini sheria ilikuwa moja tu, steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, nyumba yao itachomwa moto na familia yote, lakini mwisho lazima arudi amalizane na adui, na mapolisi wafike kazi ikiwa imeshaisha. Halafu akaja Amitabh Bachchan akaivunja hiyo sheria mbele ya macho yetu. Deewaar, 1975, kafa. Sholay, Agosti ya mwaka huohuo, kafa. Muqaddar Ka Sikandar, 1978, kafa tena na safari hii kwenye harusi ya rafiki yake. Na bado tulirudi kukata tiketi.

Mimi ilikuwa Sholay, drive-in ya Dar, tuko nyuma ya pikapu ya baba mdogo na mkeka na chupa ya chai. Jai, ndiye Amitabh, alipokata roho mikononi mwa rafiki yake Dharmendra kuna gari ya mbele ikapiga honi, ikafuata nyingine, mara uwanja mzima honi, wengine wanawasha taa kubwa kwenye skrini mpaka picha haionekani. Watu walikuwa wanakataa. Baba mdogo alishuka akaenda kusimama peke yake karibu na ukuta, mtu mzima yule, fundi makenika, sijawahi kumuona vile.

Leteni za kwenu. Na ushauri pia: kijana wangu yuko fomu tuu, anajua kuanzia Shah Rukh kuja huku, Amitabh kwake ni babu mwenye ndevu nyeupe. Nimuanzishie ipi?

Kigingi
Umenikumbusha mbali sana mkuu.

Mtoto wa Darajani
Mie Deewaar, Unguja, Cine Afrique, Jumapili, na Jumapili bila picha ya kihindi haikuwa Jumapili. Wanaokumbuka watasema kama naongopa. Amitabh ni kuli bandarini, ana kibati chake cha kazi namba 786, na mzee mmoja Muislamu anamueleza namba hiyo ina heshima gani kwetu, ndiyo Bismillahi kwa hesabu ya herufi. Kutoka hapo ukumbi mzima ukawa upande wake. Risasi ikapiga kibati akapona, watu wakaleta takbiri humo ndani, nakwambieni kweli. Sasa mwisho kibati kinamponyoka kinaanguka, na yeye anakimbia, na watu wanampigia kelele akiokote, kuna bibi nyuma yangu anamwita kama anamwita mjukuu wake, okota mwanangu, okota. Asiokote. Akapigwa risasi na mdogo wake wa tumbo moja, akafia mapajani mwa mama yake hekaluni.

Nilikuwa mdogo, nikaona uonevu mkubwa. Hadi leo nikiiona ile sehemu natoka nje.

Jimmy wa Disco
Na mimi niseme ukweli hata kama mtanichukia, Amitabh mnamkuza kupita kiasi. Mtaani kwetu 1982 mpaka 1985 ilikuwa Mithun Chakraborty tu. Disco Dancer yake ilitoka watoto wote wakataka kuitwa Jimmy kama yeye kwenye picha, mafundi cherehani wakashona suruali zile, hadi Warusi walimpenda. Amitabh anajua kukunja sura tu, kucheza hajui.

Mtoto wa Darajani
Kucheza hajui?? Umemuona kwenye Don wewe? Ile ya kutafuna tambuu?

Jimmy wa Disco
Anatupa mikono tu pale. Mithun alikuwa anacheza kwa mwili mzima.

Kuli Mstaafu
Vijana acheni hayo, kila mtu na wake. Ila wewe wa Mithun kuna kitu hujakifikiria. Amitabh aliingia mjini Bombay mrefu kama mlingoti, kazi aliyoacha Calcutta ni ya kampuni ya mizigo ya meli, sauti yake ile ile tunayoisifia leo redio ya taifa ya India waliikataa. Picha ya kwanza Saat Hindustani, 1969, ikapita hivihivi. Anand ya 1971 watu wakamlilia Rajesh Khanna, yeye ni daktari wa pembeni. Kisha zikafuata nyingi zinadoda moja baada ya nyingine. Zanjeer wenyewe wakubwa wa wakati ule waliikataa ndipo ikamfikia yeye, 1973, na Salim na Javed walioiandika ndio walioshikilia apewe. Inspekta hacheki, haimbi, anapiga teke kiti Pran, aliyecheza mhalifu, asikalie, anamwambia hapa ni kituo cha polisi. Kwisha. Mwezi Juni mwaka huohuo akamuoa Jaya, mcheza picha mwenzake.

Na ndiyo maana sisi tuliokuwa tunabeba mizigo tulimuelewa. Wengine wote kwenye picha walikuwa watoto wa matajiri wanaimba milimani. Huyu alikuwa na hasira, na hasira yenyewe tunaijua inatoka wapi, umefanya kazi mwezi mzima na mtu anakukata ujira wako usoni. Nimepakia mizigo bandarini miaka mingi, nimeona Deewaar na Kaala Patthar, ile ya machimbo ya makaa ya mawe, nasema yule alikuwa mwenzetu.

Kigingi
Hapo kwenye ujira umenena mzee wangu.

Swahiba wa Kibokoni
Mombasa hapa. Mnazungumza vifo vya picha lakini mimi kilichonitoa jasho ni kile cha kweli. Julai 1982 anapiga picha ya Coolie kule Bangalore, kwenye kupigana na mwigizaji mwenzake Puneet Issar akaruka vibaya, kona ya meza ikamuingia tumboni, utumbo ukachanika. Wakamsafirisha Bombay, hospitali ya Breach Candy. Sisi habari tulizipata dukani, mwenye duka Muhindi jirani yetu alifunga duka mchana, akaweka redio kwenye kiti mlangoni, kila mwenye kupita anasimama. Wao wanaenda hekaluni, sisi msikitini kwetu watu wakaomba dua baada ya Isha, na nakumbuka kuna shekhe alinung'unika kwamba tunamuombea mchezasinema, babu yangu akamwambia shekhe wangu, yule ni mtoto wa mtu.

Tarehe 2 Agosti madaktari walikuwa wameshaona amekwenda, wakamchoma sindano za mwisho, Jaya ndiye aliyeona kidole cha mguu kinatikisika. Mwenyewe mpaka leo tarehe hiyo anaihesabu ni kuzaliwa mara ya pili. Septemba akatoka hospitali.

Sasa sikieni. Coolie kwa mpango wa kwanza ilikuwa afe mwisho wake. Mwongozaji wake Manmohan Desai akabadilisha, akasema mtu aliyeponea chupuchupu kweli siwezi kumuua kwenye picha. Ilipotoka 1983, ile ngumi ikifika picha inagandishwa na maandishi yanakuambia hapa ndipo alipoumia. Sisi tukasimama wote. Kwa hiyo sheria ya steringi hafi Amitabh aliivunja na Mungu akairudisha.

Jimmy wa Disco
Hii ya Coolie sibishi. Hata mimi niliomba.

Binti Mwambani
Nimesoma hapo juu kwenye Deewaar nikakaa kimya, kisha nimeona bora niandike maana nimelibeba muda mrefu na wahusika wenyewe washakuwa wazee.

Kwetu Tanga. Mama alibaki na sisi baada ya baba kuondoka, alikuwa anafua nguo za watu na kukaanga mihogo jioni. Kaka yetu mkubwa aliacha shule akaingia bandarini kupakia makonge ili huyu wa pili asome. Wa pili akasoma, akaingia upolisi. Deewaar tulikwenda wote Majestic, mama kakaa kati, kaka mkubwa kulia kwake, wa pili kushoto, mimi mapajani. Kwenye ile sehemu maarufu, mkubwa anataja magari na majumba aliyonayo na mdogo anamjibu kwamba yeye ana mama, wote wawili waligeuka wakamtazama mama kwa pamoja wakacheka. Walitaniana kwa maneno hayo miaka, wakigombea hata kipande cha nyama, mimi nina mama.

Ile hali ngumu ya baada ya vita ya Amini mnaijua. Sabuni hakuna, mafuta hakuna, dawa ya meno hakuna. Kaka mkubwa akaanza kwenda Mombasa kwa jahazi usiku, anarudi na katoni za sabuni, mafuta ya kupikia, kanga. Mtaa mzima uliogea sabuni zake, na wa pili pia aliogea, na gwanda lake la kazi mama alilifua kwa sabuni hizohizo. Hakuna aliyesema kitu.

1983 waziri mkuu Sokoine akatangaza vita na wahujumu uchumi. Watu wakatupa mali baharini, wengine wakafukia. Kaka mkubwa alikuwa na katoni zimepangwa chini ya kitanda cha mama, zimefunikwa na shuka linaloning'inia. Alfajiri moja mlango ukagongwa, kufungua ni askari wanne na wa nne ni kaka yetu. Hakutuangalia. Wakapekua jikoni, wakapekua chumba cha uani, wakawa wanaondoka. Mkubwa wao akamuuliza kaka, afande, na humo? Chumba cha mama. Angeweza kusema nimeshatazama. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mama na ulikuwa wa baridi. Kaka akaingia, tukasikia kitanda kinavutwa, akatoka na katoni moja mikononi akaiweka chini katikati ya ukumbi.

Kaka mkubwa hakukimbia. Alivaa shati, akatafuta kandambili zake, alipofika mlangoni akasimama mbele ya mdogo wake akamwambia, haya, sasa mama ni wako peke yako. Basi. Akafungwa. Mama aliishi naye yule wa pili nyumba moja na hakumpakulia chakula kwa mkono wake, mimi ndiye nilikuwa napakua.

Asiye na Jambo
Samahani dada lakini hii ni chai. Hiyo ni Deewaar yenyewe umeihamishia Tanga.

Mtoto wa Darajani
Ee bwana wewe una roho gani? Mtu anaeleza mambo ya mama yake.

Asiye na Jambo
Nauliza tu. Kuli bandarini, mdogo polisi, mama katikati. Inafanana mno.

Kuli Mstaafu
Inafanana kwa sababu ndivyo watu walivyoishi. Ukienda mji wowote wa bandari, familia yenye vijana wawili mmoja yuko kwenye magendo na mwingine serikalini, wala si ajabu. Mwaka ule nimeona baba mkwe anakamatwa na mkwewe. Wewe ulizaliwa lini?

Swahiba wa Kibokoni
Na sisi huku Mombasa tuliwauzia hao wa majahazi. Sabuni, ndiyo, kwa katoni. Dada anasema kweli. Lakini afande naye muangalieni, wenzake watatu wamesimama pale, angefanyaje?

Mtoto wa Darajani
Angesema hamna kitu! Watatu wenyewe walikuwa wanaondoka!

Swahiba wa Kibokoni
Na zikipatikana kesho? Angefungwa yeye na mama juu, katoni zilikuwa chini ya kitanda cha mama.

Binti Mwambani
Kaka Swahiba, hilo ndilo alilomwambia mama miaka yote na mama hakulikubali. Asiye na Jambo sikulaumu, hata mimi nikiisikia kwa mwingine ningesema katunga. Walipatana. Mama alipopooza, kaka mkubwa alikuwa keshatoka, wakawa wanampokezana kumuogesha, mmoja anabeba mwingine anamwaga maji, wakiwa hawasemeshani, mpaka siku moja mama mwenyewe kwa ule ulimi wake mzito akawaambia kila mtu ana mama. Wakacheka, na kutoka hapo wakaanza kusema. Deewaar haijawahi kuwekwa nyumbani kwetu tena.

Kigingi
Dada pole. Nimesoma mara mbili.

Mzee wa Drive-in
Dada yangu asante kwa kutuamini. Mungu amrehemu mama.

Maskati Kwetu
Nami niongeze kidogo kutoka Oman. Watu wanasahau kwamba huyu mtu alikufa na kifo cha tatu, cha mfukoni. Siasa aliingia 1984 kwa ajili ya rafiki yake Rajiv Gandhi, akashinda ubunge Allahabad alikozaliwa, 1987 akajiuzulu amechafuliwa na ile kashfa ya rushwa ya mizinga ya Bofors. Agneepath ya 1990 ikampa tuzo ya taifa lakini kumbi hazikujaa. Halafu akafungua kampuni, akaandaa Miss World 1996 kule Bangalore, kampuni ikazama na madeni juu. Mtu wa umri wake, jina lile, anakwenda kwa miguu yake kwa mtengeneza picha Yash Chopra kuomba kazi, akapewa picha ya Mohabbatein. Na Julai 2000 akakaa kwenye kiti cha kuuliza maswali, kipindi cha TV cha Kaun Banega Crorepati. Hapa Maskati saa ya kipindi Wahindi kazini kwetu walikuwa wanaacha kila kitu, nasi Waswahili tumekaa nao, wanatutafsiria maswali. Madeni akalipa. Kwangu mimi hicho ndicho cha kumfundisha kijana, sio risasi.

Jimmy wa Disco
Basi kijana aanze na Black, 2005, ile ya mwalimu na binti asiyeona wala kusikia. Aone anaigiza.

Mtoto wa Darajani
Hapana, atasinzia. Aanze na Amar Akbar Anthony acheke kwanza, Amitabh anatoka ndani ya yai la Pasaka.

Asiye na Jambo
Mimi nasema usimuanzishie chochote. Weka mwenyewe ukae uangalie, atakuja tu akisikia muziki.

Kuli Mstaafu
Deewaar. Asipoielewa mpe kazi ya kubeba simenti wikiendi moja kisha irudie.

Swahiba wa Kibokoni
Sholay ndugu yangu, usisikilize mtu. Ila angalia unayopakua, ziko zilizokatwakatwa. Ikiwa haifiki masaa matatu hiyo si yenyewe. Na ile sarafu ya Jai yenye sura moja pande zote usimwambie mapema, muache aone Dharmendra anapoigeuza.