Mdogo wangu kapigwa Johannesburg kwa kupenda wanawake. Aanzie wapi?

Wakuu, habari zenu, wakubwa shikamooni.

Niko Mbagala. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasuka nywele Johannesburg, mwaka wa 4 huu. Anapenda wanawake wenzake. Nyumbani tunaojua ni wachache. Ijumaa usiku vijana watatu wa mtaani kwake walimvizia akitoka kazini, wakampiga huku wakisema watamfundisha kuwa mwanamke. Mkono umevunjika. Kituoni askari akacheka, akamwambia arudi Jumatatu. Sasa anataka kunyamaza. Sheria za kule sizijui. Nimshauri nini? Matusi naomba mbaki nayo.

Kaka Temeke: Arudi nyumbani tu, dada. Kesi za ugenini zinachosha.

Mleta uzi: Arudi na mkono wa plasta, waliomvunja wakae kijiweni? Hapana, kaka.

Mama Sinza: Pole sana mwanangu. Nimeishi kule miaka 9. Jumatatu ni mbali, aende leo. Askari akigoma kufungua jalada, aombe kumwona mkuu wa kituo, na jina la huyo askari aliandike. Asitoke bila namba ya kesi. Hospitali daktari amjazie fomu ya J88, ndiyo PF3 yao. Mahakama itaisoma hata majeraha yakiwa yameshapona.

Kubwa zaidi ni maelezo yake. Kila tusi liandikwe kama lilivyotamkwa, ili chuki ionekane mahakamani. Eudy Simelane, aliyechezea Banyana Banyana, timu ya taifa ya soka ya wanawake, aliuawa KwaThema 2008. Mmoja wa waliomuua alifungwa miaka 32, lakini jaji akasema kupenda kwake wanawake hakukuwa na uzito katika mauaji yale. Niliumia sana. Zoliswa Nkonyana alikuwa na miaka 19 tu alipouawa Khayelitsha, 2006. Hukumu ilikuja 2012, na hapo hakimu alitamka wazi kuwa chuki ndiyo chanzo. Vijana wanne wakapewa miaka 18, sehemu yake ikasitishwa. Miaka 6 mwanangu! Mwandae kwa hilo.

Msomi wa Ubungo: Naongezea. Katiba yao ya 1996, kifungu cha 9, inakataza ubaguzi wa aina hiyo kwa kuutaja kabisa. Mei 2024 Rais Ramaphosa alitia saini sheria ya uhalifu wa chuki. Lakini kumvunja mtu mkono lilikuwa kosa hata kabla ya hapo, asikubali kuzungushwa. Na kwa kuwa wanaishi mtaa mmoja, aende mahakama ya hakimu kuomba amri ya kumlinda dhidi ya usumbufu, sheria yao ya 2011. Anaweza kuomba mwenyewe, bila wakili.

Mleta uzi: Mama Sinza, nimempigia. Mwenye saluni anamsindikiza kituoni saa hii. Yale maneno ameyaandika kwenye simu, kwa Kizulu, vilevile walivyomtukana. Analia, lakini ameenda.