Nyumba ya Mkunazini 🌴 (zamu za sungura)

ALHAMISI

Da Rukia 07:12
Assalaam alaykum jamaa. Sungura wa kuchezea wa Ilham keshafika. Shemeji kamtia kwenye begi la mkononi, kafika salama, sikio moja tu limejikunja. Mjue huyu si wa Ilham peke yake, ni wa darasa zima. Kila mtoto huchukua zamu yake akatembea naye, kisha hurudi skuli na daftari la picha. Ilham mwenyewe kakosa kuja, kamtuma sungura. Mwalimu wao anataka mambo matatu: muziki, chakula na kazi za sanaa za kwao. Shemeji anaondoka Jumatatu alfajiri. Nataka majina.

Da Rukia 07:41
Tiki za bluu naziona kumi na moja.

Da Rukia 08:05
Haya, napanga mwenyewe. Leo jioni gwaride la tamasha la Busara, Juma. Kesho baada ya sala ya Ijumaa, Mariam ampeleke kwa washona kofia. Jumamosi usiku Forodhani, Nassor na wanawe. Jumapili taarab, Ami Hamad, kwa sababu wewe ndiye unayewajua wale wazee wa club. Nani ana la kusema?

Mwalimu Juma 08:06
Ninalo. Sungura atalipa kiingilio cha wenyeji au cha wageni? Maana kaja na pasipoti ya Uingereza.

Zuhura Coventry 08:09
😂😂😂 Anaitwa Biscuit jamani. Ana jina.

Mwalimu Juma 08:10
Biskuti basi. Zaidi ya hapo atatafunwa.

Da Rukia 08:11
Gwaride halina kiingilio, Juma. Saa kumi uwe njiani.

Salim Muscat 13:30
Mashallah. Mpigeni picha na jumba la Beit al-Ajaib.

Da Rukia 13:34
Beit al-Ajaib iliporomoka upande Disemba 2020, Salim. Huko Muscat habari hazifiki? Mabati ya ukarabati nitayapelekaje kwa mtoto wa miaka 6?

Mwalimu Juma 19:52
*[Picha 4]*
Kazi imekwisha. Ya kwanza yuko begani kwa mpiga tarumbeta wa beni. Yule bwana hakuulizwa, nilimuweka tu, akaendelea kupiga. Ya pili mlangoni Ngome Kongwe. Maelezo ya kuandika: "Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa, mwishoni mwa karne ya 17. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004. Kwa upande wa muziki, mwanafunzi asisahau Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri..."

Da Rukia 19:55
Mtoto ana miaka 6, Juma.

Mwalimu Juma 19:55
Atakua.

Zuhura Coventry 20:20
Ilham kaipenda ya tarumbeta. Anauliza kama Biscuit aliumwa na masikio.

IJUMAA

Mariam 16:18
*[Picha 2]*
Da Rukia nimetoka kwa yule mama wa nyumba ya nyuma. Nilidhani ni kumvalisha kofia, kupiga picha na kuondoka, lakini masikio yake hayakubali. Mama kacheka hadi miwani ikamtoka. Mwisho kamuweka mapajani karibu na kofia ya viua anayoishona, bado hata nusu. Sijapata kukaa kutazama kazi ile. Anatoboa kitundu, anakizungushia uzi, anakaza, anahamia kingine. Muda wote niliokaa pale, na chai nimekunywa, kamaliza mstari mmoja mfupi kama kidole.

Mariam 16:20
Kasema asiharakishwe, mwenye kofia anaoa baada ya Ramadhani.

Da Rukia 16:31
Ahsante Mariam. Mnaona? Mtu kapewa kazi kaifanya. Nassor umeona zamu yako kesho?

Da Rukia 18:02
Nassor?

Da Rukia 21:47
Nassor ukisoma hii jibu.

JUMAMOSI

Da Rukia 17:15
Nassor simu haipatikani. Mariam mwanangu nenda weye tu Forodhani. Apigwe na mashine ya miwa, na mpishi mwenye kofia ndefu nyeupe, na pizza ikiwa bado ipo kwenye chuma, kabla haijafunikwa, ili yai lionekane. Na urojo.

Mwalimu Juma 17:16
Pweza je? Sungura na pweza hawajapata kukutana tangu dunia iumbwe.

Mariam 20:40
*[Picha 6]*
Miwa, pizza, pweza, mishikaki. Ya mwisho msiitazame.

Zuhura Coventry 20:43
Mariam hilo tumboni kwake ni nini?

Mariam 20:44
Urojo. Nilimuegemeza kwenye bakuli, mtu kapita kamgusa. Kaangukia kifudifudi. Niliondoa kachori na chipsi za muhogo lakini rangi imebaki. Nimefika nyumbani nimemsugua kwa sabuni ya mche, sasa pamekuwa pekundu!!!

Bi Asha Kikwajuni 20:51
Mmemtia sabuni? Astaghfirullah. Manjano ukiyatia sabuni huwa mekundu kama mtu kachinjwa. Suuza na maji ya ndimu, yatarudi kuwa ya njano. Kesho mwanike juani kutwa. Jua ndilo linaloyaondoa, sabuni haiyawezi.

Mwalimu Juma 20:53
Mgeni kaja kutembea, kapata ajali ya urojo. Tumuandikie polisi?

Zuhura Coventry 20:54
Juma si mchezo. Ni wa skuli. Mtoto aliyempeleka Uhispania karudi naye bila jicho, mama yake mpaka leo anasemwa.

Da Rukia 20:56
Tulieni. Bi Asha ahsante. Mariam, ndimu. Kesho asubuhi juani, jioni kwa Ami Hamad kwenye taarab, usiku mkononi mwa shemeji. Ami Hamad uko nasi?

Salim Muscat 22:10
Picha ya taarab si apigwe na fidla ya babu? Akae juu yake, upinde mapajani. Au bado iko kwa fundi?

Salim Muscat 22:11
Mwaka wa sita huu iko kwa fundi.

Ami Hamad 22:30
Salim. Wewe uliondoka na nini nyumba hii?

Salim Muscat 22:31
Mimi nimeuliza fidla tu.

Ami Hamad 22:31
Na mimi nimekuuliza.

Da Rukia 22:33
JAMANI SUNGURA.

Mwalimu Juma 22:34
Sungura anakauka, hana neno.

Da Rukia 22:35
Juma si sasa.

JUMAPILI

Bibi 06:48
🎤 *Ujumbe wa sauti 1:26*

Zuhura Coventry 08:15
Niko kwenye basi, sina spika za masikioni. Bibi kasemaje? Mbona kimya?

Zuhura Coventry 08:40
Jamani?

Mariam 08:52
Naandika kama alivyosema, sipunguzi.

"Assalaam alaykum wanangu. Mariam kanionyesha picha zote. Sungura kapelekwa Ngome, kapelekwa kwa mshona kofia, kapelekwa Forodhani kala urojo. Vyema. Mgeni ni mgeni. Kutoka kitandani kwangu hadi Forodhani, enzi nikitembea, ulikuwa mwendo wa kumaliza tasbihi moja. Mara ya mwisho nimefika pale nilikwenda na babu yenu, tukanywa miwa. Rukia, wewe hodari wa kupanga, hebu hesabu ni miaka mingapi hiyo. Na fidla, fundi hakuwapo. Mimi ndiye niliyesema iende, na Hamad kabeba maneno yenu miaka yote hii kwa sababu nilimwambia anyamaze. Nishasema. Mtoto wangu asiulizwe tena."

Halafu kuna kama kukohoa, imekatika.

Ami Hamad 10:55
Nimesikia mama.

Salim Muscat 11:20
Bibi unisamehe. Ami, nisamehe na wewe. Sikujua.

Da Rukia 11:24
Bibi, ni miaka saba. Nimehesabu.

Bi Asha Kikwajuni 11:40
🤲🏽

Da Rukia 12:02
Sikilizeni. Bibi anakwenda Forodhani leo, baada ya Asri, jua likipungua. Sungura atafuatana naye, na hiyo ndiyo itakuwa picha ya daftari. Ami Hamad gari yako inahitajika hadi pale mwisho gari zinapoishia, kisha kiti cha magurudumu cha Bi Asha. Taarab tuiache.

Zuhura Coventry 12:10
Hapana msiiache, muziki ni lazima. Au tarumbeta inatosha?

Mwalimu Juma 12:11
Beni ni muziki. Nitaandika maelezo.

Da Rukia 12:11
USIANDIKE.

Mariam 12:30
Bibi nimemwambia. Kasema hana nguo ya kutokea. Kisha kanituma kwenye kasha nitoe ile kanga ya juu kabisa.

Ami Hamad 13:05
Gari ipo. Lakini zile ngazi za pale nyumbani nembamba, na mama hakubali kubebwa kwenye kiti, alishakataa siku ya hospitali. Nani atambeba?

Da Rukia 13:07
Juma na Nassor.

Mwalimu Juma 13:09
Mimi Da Rukia mgongo wangu unaujua. Tangu shughuli ya Mwanaidi.

Da Rukia 13:10
Mgongo uliokuwa unacheza kwenye gwaride Alhamisi?

Mariam 13:22
Sungura nimemgeuza. Tumbo bado lina njano kidogo, ukijua ndipo utaliona. Bibi kamfunga kipande cha kanga kiunoni, halionekani tena.

Zuhura Coventry 13:25
Msimvue. Nitamwambia mwalimu ndivyo wanavyovaa huko.

Da Rukia 14:40
Saa kumi na robo, mlangoni. Nani anakuja? Niandikieni majina.

Da Rukia 15:02
Tiki za bluu naziona.

Nassor 15:31
Samahani jamaa, simu ilikuwa kwa fundi tangu Alhamisi. Fundi wa kweli huyu. Naona ujumbe mia na kitu. Nani anabebwa? Na huyu sungura ni wa nani?

Da Rukia 15:31
Nassor uko wapi sasa hivi?

Nassor 15:33
Bububu.

Da Rukia 15:33
Panda 502 uje. SASA.